Godoro la Bwana Najua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na majirani wa kuwasengenya, alikuwepo Kifaru mmoja aliyejua kila kitu. Msicheke. Kama hamuamini, mngemuuliza mwenyewe.

Ukimwambia mvua inakuja: "Najua!" Ukimwambia kavaa shuka kinyume: "Najua!" Hata ukimwamkia shikamoo, hujibiwi marahaba. "Najua!" Wenzake wakampachika jina, Bwana Najua, naye akadhani ni cheo.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya mawe walikoishi Pimbi. Kifaru akaja na kitanda chake cha kamba, akakibwaga pale pale penye maji, puu!

"Chemchemi hii ni yangu," akatangaza. "Atakayebisha, pembe ninayo."

Siwema, mama Pimbi, akashuka na kibuyu chake.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Naomba maji kidogo ya watoto, tangu jana hawaja..."

"Najua! Rudi kwako!"

Teke moja, kibuyu pwaa! Vipande vipande.

Siwema akapanda mawe huku analia. Nyumbani, kitinda mimba wake alikuwa amelala mkekani, midomo imepasuka, hana hata nguvu za kudai maji. Siwema alipomtazama, machozi yakakauka na hasira ikaja.

"Nitamtoa yule," akasema.

"Wewe?" akashtuka Kombo, mumewe. "Mke wangu, ukimdanganya atatukanyaga tuwe chapati!"

"Nani kasema nitamdanganya? Nitamwambia ukweli mtupu. Kama ataniacha nimalize."

Asubuhi akajifunga majani ya mgomba mikononi, akaenda kichakani kuchuma upupu. Mnaujua upupu, nyie watundu? Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, laini, yanang'aa, unatamani kuyalalia. Yakikugusa, utajikuna mpaka usahau jina lako. Siwema akajaza gunia zima, akalifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akapita akiliburuta mbele ya Kifaru, taratiiibu, huku anaimba.

"We! Umebeba nini humo?"

"Si kitu cha kulalia, Bwana. Huu ni..."

"Najua! Hiyo sufi! Wewe kipande cha mnyama ukajishonee godoro, mimi nilale kwenye kamba?"

"Bwana, wallahi si sufi. Ukiulalia huu uta..."

"Najua! Nitalala kama sultani. Lete hapa!"

"Haya, Bwana. Ila nimekuonya kwamba..."

"Najua, najua, najua!"

Akamimina gunia lote kitandani kwa mikono yake mwenyewe. Akavua shuka, akajitupa chali, akagaragara kulia na kushoto.

"Aaah! Mnaona raha za wenye akili? Na ngozi yangu hii, hata mkuki haupiti!"

Mara akaacha kugaragara. Sikio likaanza kumwasha. Likafuata kwapa. Halafu, mnisamehe wanangu, yakafuata matako. Ngozi ya Kifaru ni nene kweli, lakini chini ya mkia ni laini kama ya mtu yeyote.

Kuru! Kuru! Kuru!

"Mama weee! Nini hiki?"

"Bwana, usiingie majini," Siwema akapiga kelele, "maji yatazidi..."

"Najuaaa!"

Chubwi! Akatoka kwa kasi kuliko alivyoingia. Akajisugua kwenye mti, mti ukang'oka. Akajisugua kwenye kichuguu, mchwa wakahama. Wanyama wote wakaja kutazama, na Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

"Siwema! Dawa! Huna dawa?"

"Ninayo, chungu kizima. Lakini maelezo yake marefu, Bwana, na ukinikatiza naanza upya."

"Na..."

"Ehe? Unajua?"

Kifaru akalimeza lile neno, likashuka kwa shida. Akatazama chini.

"Sijui," akasema.

Fisi akasimama ili asikie vizuri.

Siwema akajiweka sawa, kama mtu asiye na haraka duniani. "Tuanze na salamu. Shikamoo, Bwana Kifaru."

"Mara... kuru kuru... marahaba."

"Watoto wangu wana kiu, ahsante kwa kuuliza. Kibuyu changu ulikipasua, nacho nilipewa na mama yangu, na mama yangu alikuwa mtu wa Mungu, ngoja nikusimulie..."

Akamsimulia. Yote! Kifaru akasikiliza, machozi yanamtoka, mguu mmoja hewani.

"Mwisho," akasema Siwema, "utahama leo, na maji haya yawe ya wote. Apa mbele ya hawa."

"Naapa! Naapa mara mia!"

Siwema akaleta chungu. Ndani mlikuwa na jivu la jikoni.

"Jivu tu?" akalia Kifaru.

"Jivu tu. Ujisugue ukiwa mkavu. Ungeniacha niseme tangu asubuhi."

Kifaru akajipaka jivu lote, akajitwika kitanda chake, akaondoka mweupe pepepe. Chemchemi ikatiririka mpaka maji yakatakata, na wanyama wote wakanywa. Yule kitinda mimba alikunywa hadi tumbo likawa ngoma, akaanza kugombana na dada zake.

Basi kichwa cha Siwema kikavimba.

"Mmeniona? Nani mwingine angeweza? Nchi hii yote, mjanja ni mmoja tu!" Akatafuta mahali pa kuketi ili ajisifu vizuri.

Kombo akamshika mkono. "Mke wangu, gunia hilo unalotaka kukalia ndilo lile la..."

"Najua!" akasema Siwema, akaketi.

Kuru! Kuru! Kuru!

Mimi niliondoka hapo wakihangaika kutafuta jivu, na jivu lilikuwa limekwisha. Jiamini, mwanangu, lakini mwache mwenzako amalize kusema.