Kipini cha Bi Mize

Bi Mize wa Chumbageni alinunua kinanda kipya cha kupigia taarabu, kumbe hakina zile sauti zilizo katikati ya noti na noti, ambazo nyimbo zake haziendi bila hizo. Fundi angeweza kuziongeza kwa kukifungua, ila juu ya skrubu palibandikwa karatasi ndogo.

"Ikichanika hiyo, dhamana imekufa," alisema tajiri Mbaruku, mwenye duka. "Kikiharibika usije kunililia hapa."

Wiki ile ile Bi Mize alirudi nacho, pua tupu. "Mwanangu, kipini changu cha dhahabu, cha urithi, kimedondokea ndani kupitia upenyo wa spika. Hebu sikia." Alikitikisa, na kitu kikagongagonga ndani. "Nami naogopa kufungua."

Mbaruku alimeza mate. "Kiache, mama. Nitakitikisa taratibu, kipini kitoke chenyewe. Kufungua, hata mimi sithubutu."

Kesho yake duka lilijaa wateja, na Mbaruku alikuwa amenuna. "Chukua kinanda chako. Hamna kipini humo, ni kokwa ya ukwaju tu."

"Alaa. Na umejuaje kuwa ni ya ukwaju?"

Bi Mize alikipindua kinanda, wateja wote wakaiona karatasi imechanika.

"Aliyeichana ni wewe mwenye duka. Basi niandikie kwamba dhamana ingali hai, hata kikifunguliwa tena."

Mbaruku aliwatazama wateja, akaandika. Bi Mize akafungua pindo la kanga, akatoa kipini chake, akakivaa, kisha akamwita fundi aliyekuwa akingoja mlangoni na bisibisi.