Fisi Alivyopiga Mswaki

Hapo zamani za kale, tena kale kwelikweli, wakati fisi walipokuwa na nyumba zenye milango (we mtoto, toa hiyo pipi mdomoni usikilize!), aliishi Bi Kindi, mdogo wa mwili lakini mdomo kama cherehani.

Asubuhi moja alikuwa uani kwake, kijiti cha mswaki mkononi, anasugua meno: kwachu, kwachu. Ghafla, kap! Fisi kamkamata mkia.

"Shikamoo, mjomba!" Bi Kindi akapiga kelele.

"Marahaba. Leo wewe ndiwe kitafunwa changu cha chai," akasema Fisi.

Harufu ya kinywa chake, jamani! Hata nzi waligeuza njia. Huyu bwana tangu azaliwe hajasugua jino hata moja, na gego lake moja lilikuwa limetoboka, linamliza wiki nzima.

"Utanila hujapiga mswaki?" Bi Kindi akashangaa. "Kifupa changu kikinasa kwenye hilo tundu, shauri yako!"

Fisi akashtuka. Kupiga mswaki? Ndiyo kwanza alisikie neno hilo. Lakini kuuliza aliona aibu.

"Nani kakwambia sipigi? Mimi napiga kila siku, tena kwa nguvu!"

"Haya, piga nikuone." Bi Kindi akamkabidhi kijiti.

Fisi akakiweka juu ya jiwe, akakichapa kofi. Pa!

Bi Kindi nusura acheke. "Ah, mjomba, huko ni kukipapasa! Mwanamume mzima! Si uchukue mchi ule pale kwenye kinu?"

Fisi akavimba kichwa. Mchi wenyewe mzito, hauinuliwi kwa mkono mmoja, basi akauachia mkia, akaunyanyua kwa mikono miwili. Pu! Pu! Pu!

"Umekoma, mswaki? Nakuuliza, umekoma?"

Fyuu! Bi Kindi huyoo, juu ya mti.

"Mjomba wee!" akamwita kutoka kwenye tawi, mbavu hana kwa kucheka. "Kupiga mswaki ni kusugua meno!"

Kwa hasira Fisi akaurukia mti, akauuma. Ka! Gego likang'oka, likabaki kwenye gome.

"Uwiii, mama yangu!" Akakimbilia kwao ameshika shavu, machozi yanamtiririka.

Basi, wanangu: meno usipoyasugua, siku ya kula utalia.