Pamba na Shupatu Jeupe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto unatutosha sote. Na wewe mwenye kukohoa, kohoa sasa umalize.

Hapo zamani za kale, si za kale sana maana rangi za dukani zilikwisha kufika, palikuwa na msusi wa mikeka, Bi Mwanakombo. Alikuwa na binti, Zawena, na sungura wa kufuga, Pamba. Kijijini kwao mama wa bibi harusi ndiye anayesuka mkeka wa harusi. Mashupatu yote, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa pamoja kuwa mkeka, hutiwa rangi, isipokuwa moja la katikati, jeupe, ambalo maharusi huketi juu yake wakiombewa dua.

Siku mbili kabla ya harusi ya Zawena, Pamba akaja.

"Bibi, meno yanakua. Nitafune nini?"

"Nina kazi mie. Shika mfupa huu."

Pamba akaunusa, akauacha, akarudi.

"Bibi, meno yanakua. Nitafune nini?"

"Shika kifuu hiki."

Kifuu nusura kimng'oe jino. Akarudi tena.

"Bibi, meno yanakua. Nitafune nini?"

"Ee, sungura wewe mng'ang'anizi!" Bi Mwanakombo akamsukumia masalio ya ukindu, mekundu na ya zambarau, yaliyochemshwa kwa rangi ya dukani. Pamba akatafuna, kru, kru, kru, na bibi akasuka kwa raha zake.

Kesho yake Pamba hakuja kuuliza. Alijikunyata pembeni, tumbo limevimba, choo hapati. Akapewa nyasi, akakataa. Akapewa matembele, akakataa. Akapewa karoti, akakataa. Bi Mwanakombo akaogopa kweli, maana mkono uliomlisha rangi ulikuwa wake mwenyewe.

"Mwanangu, utakula nini?"

"Ukindu usioingia sufuria ya rangi," Pamba akasema kwa shida.

Ukindu mweupe uliobaki ulikuwa shupatu lile la katikati tu. Kuanika mwingine kungechukua juma zima, na harusi ni kesho.

"Mama, usithubutu!" Zawena akalia. "Wakwe watasemaje?"

"Watasema." Bi Mwanakombo akachukua kisu, akalikata vipande vipande.

Pamba akatafuna kidogo. Akapumzika. Akatafuna tena. Kulipokucha, vidonge vya mavi vilijaa sakafuni, na Bi Mwanakombo akavifagia huku akimshukuru Mungu.

Mchana mkeka ukatandikwa, rangi tupu. Maharusi wakaketi. Mama mkwe wa Zawena, aliyewekewa kiti cha mbao ubavuni mwao, akakunja uso.

"Shupatu jeupe liko wapi?"

"Limeliwa," Bi Mwanakombo akajibu.

"Limeliwa na nani?"

"Na mgonjwa wangu."

"Na huyo mgonjwa yuko wapi?"

Chini ya kiti pakasikika: kru, kru, kru. Bi Mwanakombo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mguu wa kiti ukakatika, mama mkwe akaporomoka, akajikuta ameketi mkekani, katikati ya maharusi, pale pale palipotakiwa shupatu jeupe.

Hadithi yangu mie imekomea hapo. Mwenye kiti na achungulie chini yake.