Shahidi wa Pili Konani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hizo nyati akivaa kofia na mbuni akifunga mlango wake kwa kufuli, wanyama wa Bonde la Mtete walishindana mbio kila mwezi ulipoandama. Walianzia bwawani, wakakizunguka kilima, wakarudi bwawani. Ukoo wa mshindi ndio uliotangulia kunywa mwezi mzima, maji yangali safi. Wa mwisho walikunywa tope. Kwa hiyo msidhani ulikuwa mchezo wa watoto.

Nyuma ya kilima, mahali ambapo watazamaji hawakuona, palikuwa na kona kali. Ukingoni mwa kona ulichorwa mstari wa majivu, na sheria yake ilikuwa moja: ukiuvuka, ushindi wako si ushindi. Ndani ya mstari kona ilikulazimisha upunguze mwendo. Nje yake ardhi ilikuwa ngumu na pana, na aliyetanua huko alipita na mbio zake zote. Sasa mnajua kwa nini wakubwa walikuwa na hamu na upande wa nje.

Walinzi wa kona walikuwa digidigi wawili, Mzee Shamte na mkewe Sikitu. Mtu akivuka, Shamte alipiga mbinja ya puani, "Dig-dig!" na Sikitu akaitikia kutoka upande wa pili, "Dig-dig!" Desturi ya Mtete ilitaka mashahidi wawili kwa kila jambo, na wao walikuwa wawili. Hakuna aliyethubutu kuugusa mstari.

Masika yakaja na homa, na Shamte akafa. Sikitu alimzika palepale alipozoea kusimama, hatua kadhaa nje ya mstari, akampangia mawe madogo juu. Akabaki peke yake nyuma ya kilima. Nyumba ilikuwa na vigoda viwili, kimoja kikikusanya vumbi. Mara nyingi alijikuta amekoroga uji wa watu wawili, akaunywa wote ili usiharibike, na tumbo likamuuma.

Mwezi ulipoandama, Bwana Nyati alifika konani akitifua vumbi, tifu tifu tifu, akauruka mstari, akatanua, akapita juu ya kaburi. Mawe yakaruka huku na huku. Sikitu alipiga mbinja mpaka pua ikamuuma. Hakuna aliyemwitikia.

Alikwenda mbio mpaka bwawani kwa Mzee Twiga, mwamuzi. Twiga alimsikiliza kwa adabu, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akamuuliza shahidi wake wa pili ni nani.

"Ni mimi peke yangu, Mzee."

"Basi mikono yangu imefungwa, binti yangu. Shahidi mmoja si shahidi."

Nyati alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema mjane akikaa sana na kuta huanza kuona maruerue. Mbuni akacheka pia, na siku hiyohiyo akaamua kwamba mwezi ujao naye atatanua. Punda Milia peke yake hakucheka. Huyo alikuwa mama wa watoto watatu, aliyefuata mstari kila mara, na kila mara akawa wa tatu. Lakini yeye alikuwa kwenye mbio, na mkimbiaji hakubaliwi kuwa shahidi.

Mwezi wa pili Nyati na Mbuni walitanua wote wawili. Sikitu alipokwenda kaburini baadaye, alikuta mawe mawili tu yaliyobaki mahali pake. Akakaa chini akalia, si kidogo. Alijua mwezi wa tatu hata yeye mwenyewe hatapaona tena alipolala mumewe.

Alipomaliza kulia, akili ikaanza kumtembea. Aliwaza kupanga miiba nje ya mstari, akakumbuka Shamte akisema kwamba mstari haukuwekwa ili uue mtu. Akawaza magogo, akaona miguu iliyovunjika, akayaacha. Alitaka kitu cha kumpunguza mtu mbio, kisha kimshike, kisha kimwache aende kwao mzima.

Basi akachukua jembe la marehemu. Siku baada ya siku alichimba ule uwanja mgumu, kati ya mstari na kaburi, akaujaza mchanga laini wa mto mkavu, kikapu baada ya kikapu. Mchanga ulipojaa, alikoroga udongo na maji akausiriba juu kwa mkono, safu nyembamba, kama mtu anayesiriba sakafu ya nyumba yake. Jua likaukausha. Ukiutazama, ungesema ni ardhi ileile ya jana, tena nzuri zaidi.

Mkesha wa mbio alijipeleka barazani kwa wakubwa. Alisema kwa sauti ya chini, nao wakainama kumsikia.

"Wakubwa zangu, nimechoka. Mtu mmoja hagombani na bonde zima. Kesho sitapiga mbinja."

Nyati akauliza vipi kuhusu kona.

"Kona nimeihudumia, Bwana Nyati. Ule upande wa nje nimeusiriba kwa mkono wangu, mtakuta unang'aa. Mstari nao nimeutia majivu mapya."

Kila neno lilikuwa la kweli, wanangu. Mwangalieni vizuri mtu mdogo anapokubali upesi. Lakini Nyati hakuwa na tabia ya kuangalia. Alimsifu Sikitu kwa kuwa ameingiwa na busara, akaenda kulala na raha zake.

Kesho yake Sikitu alisimama mahali pake kando ya kona, kimya. Aliwasikia kabla hajawaona. Nyati mbele, Mbuni nyuma yake, Punda Milia wa tatu kama kawaida. Tifu tifu tifu! Nyati akauruka mstari kwa madaha, akatua nje.

Kacha! Sakafu ikapasuka. Hatua ya kwanza alizama hadi kwatoni, ya tatu hadi magotini, ya nane tumbo likakaa juu ya mchanga, naye akasimama kama aliyefungwa kamba. Mbuni aliyemfuata alizama miguu yote miwili, akabaki akipiga mbawa bure. Punda Milia alipunguza mwendo, akashika ndani ya mstari, akapita zake.

Kule bwawani watu walimshangilia Punda Milia, kisha wakasikia Nyati akinguruma nyuma ya kilima. Wakaja wote, Mzee Twiga mbele. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kufika pale kwa Sikitu.

Nyati alisema amesukumwa na upepo. Mbuni akasema ni kweli, upepo ulikuwa mkali. Hapakuwa na jani lililotikisika.

Twiga akainamisha shingo yake ndefu. "Sikitu, unasemaje?"

"Wameuvuka mstari, Mzee."

"Na shahidi wa pili?"

"Ndiye huyo aliyewashika miguu."

Twiga akazihesabu nyayo kwenye mchanga: nane za Nyati, mbili za Mbuni, zote nje ya majivu. Nyati akapiga kelele kwamba ameruhusiwa, kwamba mjane huyu alikubali mbele ya baraza.

"Nilisema sitapiga mbinja," Sikitu akajibu. "Sikusema mstari umefutwa."

Twiga akatamka kwamba Nyati na Mbuni wameshindwa kwa kuvuka mpaka, na tangu siku hiyo mchanga wa konani ni shahidi kamili. Ukoo wa Punda Milia ukanywa kwanza. Mbuni alijinasua, Nyati akavutwa kwa kamba, akatoka mzima, ila kofia haikuonekana. Alipogeuka, aliona yale mawe mawili, hatua mbili tu mbele ya pale pua yake ilipokuwa. Akauliza ni nini.

"Ni Shamte," Sikitu akasema.

Nyati alikwenda akaokota jiwe moja kwenye majani, akalirudisha. Mbuni akaleta lingine. Kisha kila mtu akaleta lake, mpaka kaburi likawa na sura ya kaburi, halafu wakaaga, wakaenda majumbani kwao.

Sikitu akabaki peke yake tena. Ilimpasa asawazishe mchanga, maana mlinzi mzuri haachi kona ikiwa imechafuka. Akachukua reki, akasimama ukingoni. Mchanga wote ulikuwa umejaa nyayo, kubwa na ndogo, za waliomfikia siku ile. Akaiegemeza reki ukutani mwa nyumba yake, akaleta kigoda chake, akakaa akizitazama. Nyayo atazifuta kesho.

Hapo ndipo nilipowakuta na hapo ndipo ninapowaacha, nanyi shikeni hili: anayeuvuka mstari kwa kuwa mlinzi wake hana mwenzake, ardhi yenyewe itamtolea ushahidi.