Tumbo la Kenge Lililolia Kanisani

Nikisema "Ngano", ninyi semeni "Masikio yapo".

Ngano.

Masikio yapo.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kanisa lao chini ya mlima, na kanisani walikuwa na kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa Korongo. Mwenye sauti ya besi alikuwa mmoja tu, Kenge, naye alijua hivyo.

Jirani yake Kenge alikuwa Mama Kanga, mjane. Mume wake alichukuliwa na mwewe, akamwachia mayai matatu. Hayakuwapo mengine.

Siku moja Mama Kanga alikwenda kunywa maji. Kenge akapita. Akaona yai, akalimeza zima.

"Moja si wizi," akasema, "ni kuonja."

Akameza la pili. "Mawili ni kifungua kinywa."

Akameza la tatu. "Hili nimelihurumia, lisibaki peke yake."

Mama Kanga akarudi, akakuta majani makavu. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya majani yale akaendelea kuatamia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kenge akaenda kulala juani, juu ya mwamba. Akalala leo, akalala kesho, akalala kesho kutwa. Tumbo likapata joto.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Desturi ya kwaya ile ilikuwa hivi: kabla ya kuimba, kila mwimbaji huwageukia wenzake akaomba msamaha. Walikwisha kuzoea, wakaomba upesi upesi kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kenge akasema, "Ndugu zangu, kama nimemkosea mtu, anisamehe."

"Pii," likasema tumbo lake.

Ngiri, aliyesimama karibu naye, akageuka. "Umesemaje, Bwana Kenge?"

"Njaa tu, ndugu yangu. Nimefunga tangu jana."

"Umefunga, na kitambi hicho?"

Korongo akainua bawa, wakaanza. Kenge akanguruma kwa nguvu zote ili afunike ile sauti. Tumbo likaitikia kwa juu, "Pii, pii," bila kukosea hata noti moja. Korongo akashusha bawa.

"Kenge, unaimba besi na soprano?"

"Ni kipawa, Mwalimu."

"Omba msamaha vizuri, tuanze upya."

Kenge akakohoa. "Sisi sote ni wakosaji. Nani hapa hajakosa?"

"Pii, pii, pii."

"Mimi nimekosa mengi," akasema Ngiri, "lakini hakuna hata moja linalolia hivyo."

Kanisa zima likacheka. Mama Kanga, aliyekaa benchi la nyuma, hakucheka. Akaja taratibu mpaka mbele, akaweka kichwa chake kwenye tumbo la Kenge, akasikiliza.

"Watatu," akasema.

Hakusema neno lingine. Kenge alikuwa amejiandaa kwa matusi, maana matusi angeyajibu. Kimya kile hakukiweza.

"Mama Kanga," akasema, "nilimeza mayai yako. Yote matatu. Nilijua ni yako, na nilijua huna mengine."

Aliposema hivyo, koo lake likafunguka. Kifaranga wa kwanza akatoka, amelowa. Akatoka wa pili. Wa tatu akatoka amekasirika, akamdonoa Kenge ulimi.

Mama Kanga akawafunika wote kwa mabawa yake, akaketi palepale mbele ya madhabahu. Hakuna aliyemwambia asogee.

Korongo akamtoa Kenge kwenye kwaya kwa msimu mzima, akampa kazi ya kuwachimbia vifaranga mchwa kila siku. Nao, kwa kuwa walianguliwa tumboni mwake, walimfuata kila alikokwenda wakimwita mama. Ngiri naye akawa anamwamkia njiani, "Shikamoo, mama."

Wiki ya kwanza Kenge alijificha. Wiki ya pili akaitikia, "Marahaba." Wiki ya tatu alionekana akichimba mchwa, vifaranga mgongoni, anaimba besi peke yake, na tumbo lake kimya.

Wanangu, ovu ulilolimeza halifi. Linakaa ndani, linapata joto, na siku moja litalia mbele za watu na mbele za Mungu. Litaje kwa jina lake, kwa yule uliyemkosea. Utaaibika, ndiyo, lakini utaimba.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naiacha hapo. Mwenye jambo na jirani yake aende sasa kabla hatujala, chakula kitamsubiri.