Kipimo cha Samadi Mlangoni pa Sultani

Hapo zamani, katika mji mmoja wa kando ya ziwa, pembe ya mbiu ililia usiku wa manane, watu wa mtaa wa Bondeni wakakurupuka wakidhani vita vimekuja. Kumbe ni amri: "Maji ya ziwa yameoza! Waziri Shekue amekadiria kuwa uchafu wote watoka kwa mbuzi na kuku wa Bondeni. Ijumaa Bondeni wahame, wakubwa kwa wadogo!"

Basi huko Bondeni alikuwako mwanamke kijana, Mize binti Hamadi, fukara wa kutupwa, hana mbuzi, hana kuku, ana mwanawe mchanga tu, na mtoto tumbo lamwendesha kwa maji yale yale, ya kijani, yananuka, na mengine hana. Kumhamisha katika hali ile ni kumzika njiani. Hofu ikampandisha kilima mbio, mtoto mgongoni, akaingia barazani kwa Sultani pasi na kuvua viatu, maana hakuwa navyo.

"Bwana wangu, waziri amekadiriaje? Alipima?"

Waziri akacheka. "Samadi ya nchi nzima hupimwa kwa nini, ewe mwendawazimu? Kwa kibaba?"

Sultani naye akacheka. "Haya, ipime wewe. Ijumaa uniambie ya nani yaingia ziwani, na kwa kiasi gani. Ukishindwa, utatangulia kuhama."

"Nitapima, bwana, ila nipe amri moja. Hadi Ijumaa mtu asimwage mavi mferejini. Kila mwenye mnyama ayarundike mlangoni pake, na atakayeyaondoa apigwe viboko."

Sultani akapiga muhuri, akidhani amepata kichekesho cha juma.

Ikawa Bondeni pakaota vichuguu vidogo vya mavi, kuku wakavichakura. Lakini kasrini kulikuwa na farasi na ng'ombe wasio na idadi, ambao zizi lao lilizoea kuoshwa kila alfajiri, uchafu ukishuka mferejini hata ziwani. Sasa watumishi wakazoa, wakarundika kwenye mlango mkuu, wakazoa, wakarundika. Nani athubutu kuondoa?

Sultani akauliza, "Harufu gani hii?"

Waziri akajibu, kaziba pua, "Ya Bondeni, bwana. Upepo umegeuka."

Ijumaa ikaadhiniwa. Sultani kavaa joho, asukuma mlango, hauendi. Aupiga bega, hauendi. Na msikitini watu wamngoja! Ikabidi ashushwe dirishani kwa kamba, kilemba kikatangulia, naye akafuata, akazama hadi magotini. Mize yuko pale pale, mtoto mgongoni.

"Bwana wangu, kipimo ki tayari. Cha Bondeni waweza kukiruka. Chako umesimama ndani yake. Na tazama mfereji, leo washuka mweupe."

Sultani akatazama mfereji, akatazama magoti yake, akacheka hata machozi. Akaamuru zizi lihamishwe mbali na mfereji, samadi ipelekwe mashambani, Bondeni wakae kwao, na mtoto wa Mize anyweshwe maji ya kisima cha kasri hadi ziwa lipone. Waziri Shekue akapewa sepetu.

Kisha Sultani akamwinamia Mize, akanong'ona, "Binti Hamadi, habari ya dirisha, tafadhali..."

Mize akageuka. Msikiti mzima ulikuwa umetoka kumtafuta Sultani wake, umesimama midomo wazi.

"Naapa, bwana wangu," akasema, "sitamwambia mtu mwingine."