Hazina Iwe Wazi

Hapo zamani, watu wa Mtondoni walipokuwa bado wakiteka maji mtoni, akina mama wakiondoka na mitungi alfajiri na kurudi jua limekwisha kuwa kali, alikuwako sultani jina lake Darweshi. Sultani huyu aliwatoza watu wake kodi ya kisima, kisha akaitoza tena, na kisima hakikuchimbwa. Fedha ile ilinunua saa za ukutani, mazulia, na vitanda vya nakshi visivyokuwa na mtu wa kuvilalia, vyote vikafungiwa ndani ya hazina.

Katika mji huo alikuwako mjane mmoja, Bi Somoe, muuza vitumbua, mwenye watoto wengi na mgongo mbovu kwa kubeba mitungi. Watu walimwita punguani, kwa kuwa kila aambiwalo hulifuata neno kwa neno. Siku moja Waziri Shaibu alimwambia, "Wewe mwanamke, funga mdomo," naye akavua mtandio akaufunga mdomo kweli, na alipoulizwa habari ya ushuru wa soko hakujibu, mpaka waziri mwenyewe akamfungua.

Ikawa akaja tarishi kutoka Baraza la Falme Saba, ambalo kazi yake ilikuwa kuwapa watawala msaada na kuangalia wanavyoutumia. Akasema, "Ewe Sultani, Baraza li tayari kukujengea daraja. Wakaguzi watakuja mwezi ukiandama, na masharti yao ni mawili: hazina yako iwe wazi, na awepo mtu wa kujibu watakapouliza."

Sultani akakubali kwa uso mkunjufu. Tarishi alipotoka, uso ukakunjamana.

"Waziri, wakiziona saa zile?"

"Bwana wangu, tukifunga tumekosa daraja, tukifungua tumeaibika. Kazi hii mpe punguani. Ikiharibika, tutasema imeharibiwa na punguani."

Basi Bi Somoe akaitwa, akaja barazani na unga mikononi. Sultani akamwambia mbele ya watu wote, "Chukua ufunguo huu. Wageni watakapofika, nataka hazina iwe wazi, wala wasione kitu ndani yake. Ukiweza, niombe utakalo. Ukishindwa, kibanda chako kitabomolewa, nawe na wanao mtauhama mji."

"Iwe wazi, na wasione kitu," akakariri Bi Somoe. "Na vilivyomo, Bwana?"

"Fanya ujuavyo. Usinisumbue tena."

"Nimesikia, Bwana wangu. Na hawa wote wamesikia."

Sultani akaenda shamba kupumzika, na waziri akafuatana naye. Bi Somoe akafungua hazina, akaanza kukokota kitanda.

Mlinzi akamuuliza, "Bibi, una wazimu?"

"Nimeambiwa hazina iwe wazi. Wewe ukienda kutafuta chumba cha kupanga, ukaambiwa kiko wazi, utakuta vitanda vya mtu ndani?"

"Hapana."

"Basi shika huko kwenye miguu. Mgongo wangu huu si wa kuchezea."

Vitu vyote vikatolewa, vikanadiwa sokoni mchana kweupe, na wafanyabiashara wa miji ya jirani wakavigombania. Kwa fedha ile Bi Somoe akawaajiri wachimbaji. Aliwalisha vitumbua, na bei ya vitumbua akaikata katika ujira wao, maana naye ana watoto. Wakachimba, wakapasua mwamba, maji yakatoka.

Mwezi ulipoandama, Sultani akarudi pamoja na wakaguzi. Bi Somoe akausukuma mlango wa hazina. Ndani hamkuwa na kitu ila mjusi mmoja.

Sultani akashika nguzo. "Bi Somoe, umefanya nini?"

"Ulitaka iwe wazi, Bwana. Iko wazi. Ulitaka wasione kitu. Waulize kama wamekiona."

Mkuu wa wakaguzi akasema, "Hatujakiona. Na mali iko wapi?"

Bi Somoe akawaongoza hadi kisimani, ambako akina mama walikuwa wamepanga mitungi huku wakisutana juu ya zamu. Mkaguzi akayaonja maji, kisha akasema, "Hazina tupu nimeziona nyingi katika falme hizi. Hii ndiyo ya kwanza nionyeshwayo mali ilikokwenda. Nani aliyeamuru? Ajibu."

Wote wakamtazama Sultani. Akamtazama mama mwenye mtungi, akamtazama waziri, naye waziri akatazama chini.

"Ni mimi," akasema.

"Basi daraja mtapata, na kila mwaka tutakuja kuiona hazina ikiwa wazi vivi hivi."

Hapo Sultani akacheka, kwanza kwa meno tu, kisha tumbo nalo likakubali. Akasema, "Bi Somoe, omba utakalo, ingawa sijui nitakulipa nini."

"Kamba, Bwana wangu. Hii ya kisima ni fupi."

Sultani akatazama huku na huku. Asione la kufanya, akafungua mshipi wake wa hariri, mrefu wa kuzunguka kiuno mara nyingi, akampa. Bi Somoe akauunga kwenye kamba, akavuta kwa nguvu kuupima, akashusha ndoo.

Hekaya yangu imeishia kisimani. Mwenye mtungi na apange foleni.